Ratiba Nyumbufu katika Vyuo vya Jamii vya Marekani

Ratiba nyumbufu ni jina la jumla la mipangilio inayomwezesha mwanafunzi wa chuo cha jamii kusoma bila kufungwa na muhula mrefu wa madarasa ya mchana. Humo mna kozi za usiku, za mwisho wa juma, za televisheni, za mtandaoni, za mseto na za mihula mifupi. Vyuo hivi vya miaka miwili, ambavyo cha kwanza cha umma kilifunguliwa Joliet, Illinois, mwaka 1901, hufungulia mlango karibu kila anayebisha: wafanyakazi, wazazi, wahamiaji. Kinachowakwamisha wengi wao ni saa za kazi na malezi kuliko umbali wa chuo.

Televisheni na intaneti

Hatua ya kijasiri zaidi ilipigwa Chicago. Mwaka 1956 Chicago City Junior College, kwa msaada wa Ford Foundation, kilianza kurusha masomo kupitia kituo cha WTTW. Mwalimu alifundisha mbele ya kamera; mwanafunzi, mara nyingi mama wa nyumbani, alitazama sebuleni, akatuma kazi zake kwa posta, akampigia mwalimu simu kwa saa zilizopangwa, kisha akafika chuoni siku ya mtihani. Mtu aliweza kupata shahada ya miaka miwili karibu bila kukanyaga darasani. Udhaifu ulikuwa dhahiri: kabla ya kanda za video kuingia majumbani, aliyekuwa kazini wakati wa kipindi alikikosa.

Vikafuata vyuo vilivyoanzishwa bila kampasi kuu: Coastline huko California (1976) na Rio Salado huko Arizona (1978). Rio Salado, kilichoingia mtandaoni mwaka 1996, kiliachana na kalenda ya mihula na kuanzisha kozi karibu kila Jumatatu.

Darasa la usiku wa manane

Mwaka 2009, madarasa yalipofurika wakati wa mdororo wa uchumi, Bunker Hill Community College cha Boston kilifungua vipindi vya kuanzia saa 5:45 usiku hadi saa 8:30. Saikolojia na uandishi vilifundishwa kwa watu waliotoka zamu, wengine wakiwa na kahawa mkononi.

Mihula mifupi

Odessa College, Texas, kiliugawa muhula wa wiki 16 kuwa vipindi viwili vya wiki 8 kuanzia mwaka 2014. Mwanafunzi hubeba kozi mbili kwa wakati mmoja badala ya nne, na akilazimika kuacha hapotezi muhula mzima. Hata hivyo, mtoto akiugua wiki moja, sehemu ya nane ya kozi imekwenda.

Mseto

Kozi za mseto huchanganya darasa na mtandao. Mfumo wa HyFlex, unaomwachia mwanafunzi achague kila kipindi kuhudhuria darasani au mtandaoni, ulibuniwa katika San Francisco State University mwaka 2006.

Matokeo

Utafiti wa Di Xu na Shanna Jaggars wa Columbia University (2013), uliofuatilia wanafunzi wa jimbo la Washington, ulionyesha kuwa kozi za mtandaoni huwashusha wanafunzi alama na kuongeza wanaoacha. Walioumia zaidi ni wanaume, vijana, weusi na waliokuwa dhaifu tangu awali. Mpango wa ASAP wa vyuo vya jamii vya jiji la New York, ulioanza mwaka 2007, ulishika njia ya kinyume, yaani masomo ya muda wote, mshauri wa karibu na nauli ya bure, na ukakaribia kuongeza maradufu idadi ya wanaohitimu ndani ya miaka mitatu.

Sheria

Kuanzia mwaka 1992 chuo kilichotoa zaidi ya nusu ya kozi zake kwa masafa kilipoteza misaada ya serikali kuu kwa wanafunzi wake. Kanuni hiyo ilifutwa mwaka 2006. Machi 2020 UVIKO-19 ilihamishia karibu kila kitu mtandaoni. Bado upo mpaka mmoja: mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo ya F-1, hata akitoka Kenya au Tanzania, hahesabiwi zaidi ya kozi moja ya mtandaoni katika mzigo wake kamili wa muhula.