Nasaba za Kale za China na Ushahidi Wake

Katika mapokeo ya Wachina nyumba tatu za kifalme zatangulia nyingine zote: Xia, Shang na Zhou. Husimuliwa ya kuwa Yu, mwanzilishi wa Xia, aliyashinda mafuriko makuu kwa kuchimba mifereji, na baada yake enzi ikawa urithi wa mwanawe. Xia iliangushwa na Tang wa Shang. Na Shang nayo ikaangushwa na mfalme Wu wa Zhou katika vita vya Muye, yapata mwaka 1046 kabla ya Kristo.

Sima Qian, mwandishi wa historia wa nasaba ya Han, aliwataja wafalme wa Shang jina kwa jina, karibu miaka elfu baada ya nyumba hiyo kwisha. Basi mwanzoni mwa karne ya ishirini wataalamu wengi waliona shaka. Mtu awezaje kuyajua majina ya watu waliokufa zamani namna ile?

Jibu lilitoka ardhini. Wakulima wa karibu na Anyang walikuwa wakifukua mifupa ya kale, nayo iliuzwa kwa jina la mifupa ya joka, isagwe kuwa dawa. Mwaka 1899 Wang Yirong alitambua ya kuwa alama zilizochongwa juu yake ni maandishi. Ilikuwa mifupa ya mabega ya ng'ombe, pamoja na magamba ya kobe, ambayo wafalme wa Shang waliipigia ramli. Waliitia moto hata ikapasuka, wakaisoma mipasuko, kisha maswali yakachongwa papo hapo: juu ya mvua, mavuno, vita, na sadaka zilizowapasa wafalme waliokufa.

Kwa ajili ya sadaka hizo majina yalihifadhika. Mwaka 1917 Wang Guowei aliyalinganisha na orodha ya Sima Qian, akaona yapatana karibu yote. Mahali pengine mfupa ulimsahihisha mwandishi: Bao Ding, aliyetangulizwa mbele ya Bao Yi na Bao Bing, kwa kweli aliwafuata. Na mwaka 1976 lilifukuliwa kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme Wu Ding, ambaye jina lake lilikwisha kusomwa katika mifupa. Kwa Xia ushahidi wa namna hii haujapatikana. Mji wa kale wa Erlitou, uliochimbwa tangu 1959, wengine wasema ni wao, wengine wakataa.

Lakini jina ni jambo moja, na hukumu ni jambo jingine. Zhou walifundisha ya kuwa Mbingu ndiyo itoayo enzi, nayo humnyang'anya mfalme mwovu. Wakamshtaki mfalme wa mwisho wa Shang kwa ulevi, na kwa kuziacha sadaka za wazee wake. Walakini mifupa ya siku za mwisho za Shang yaonyesha sadaka zikitolewa kwa zamu, bila kukoma. Mashtaka hayo ni maneno ya mshindi, aliyehitaji sababu ya kuketi katika kiti cha mwingine.

Kwa hiyo aandikaye masimulizi ya wazee asiidharau orodha ya majina kwa kuwa ni ya kale. Bali asikiapo lawama juu ya nyumba iliyoanguka, na aulize kwanza ni nani aliyeirithi.