Sini Ilivyotoka Kwenye Duara

Ptolemy aliishi Iskandaria katika karne ya 2, na yaliyomshughulisha yalikuwa mbinguni: sayari fulani itaonekana wapi, mwezi utapatwa lini. Ili apate majibu alichora duara lenye nusu kipenyo cha vipande 60, kisha akakokotoa urefu wa kila mstari unaounganisha ncha mbili za tao ndani yake, akipanda kwa nusu nyuzi mpaka 180. Wanafalaki wa India waliona afadhali kutumia nusu ya mstari huo kuliko mstari mzima, maana nusu hukaa vizuri ndani ya pembetatu mraba. Mnamo mwaka 499 Aryabhata akatoa thamani 24 za nusu hiyo, zikiachana kwa nyuzi 3 na dakika 45. Hiyo nusu ya mstari ndiyo sini.

Mwanafunzi wa sekondari leo huikuta sini kwenye kikokotoo, jirani na kosini na tangenti, akaambiwa ni upande unaoikabili pembe ya pembetatu mraba ukigawanywa kwa upande mrefu kuliko zote. Hudhani ndani ya pembetatu hiyo ndimo ilimozaliwa na humo ndimo itakamofia. Kumbe pembetatu ilikuwa kituo tu. Mimi naiona historia ya sini kuwa ni historia ya kuvuliwa. Kila baada ya muda mtu aliivua kitu kilichodhaniwa kuwa ndio uhai wake, na kila ilipovuliwa ikapata ajira katika elimu ambayo haikuwa imeiita.

Kwanza ilivuliwa mbingu. Al-Biruni, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1025, aliitumia kutafuta mahali ilipo miji juu ya ardhi, ili watu wa Ghazna wajue kibla chao kiko upande gani. Swali lilikuwa la ibada, njia yake ikawa ya hesabu. Karne mbili baadaye Nasir al-Din al-Tusi, msimamizi wa kituo cha kutazama nyota cha Maragha, aliiandikia elimu ya pembetatu kitabu chake yenyewe, ikaacha kuwa mtumishi wa falaki. Na huko Samarkand, mwanzoni mwa karne ya 15, al-Kashi aliitafuta sini ya nyuzi 1 kwa kutatua mlinganyo wa aljebra, akirudia hesabu hatua kwa hatua mpaka tarakimu zikamtii.

Wakati huohuo, pwani ya Kerala huko India, Madhava na wanafunzi wake walikuwa wamekwenda mbali zaidi. Waliiandika sini kama mfululizo usio na mwisho: jumlisha hiki, toa kile, jumlisha kingine, nawe utaisogelea kadiri upendavyo bila kuchora duara lolote. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipata rubani Malindi, akavuka hadi Calicut kufuata pilipili. Hesabu ambazo Ulaya ingezifikia katika karne ya 17 zilikuwa tayari zimeandikwa kwenye pwani hiyo. Hakuna aliyezipakia melini.

Duara lenyewe liliondolewa rasmi mwaka 1748, Leonhard Euler alipochapisha kitabu chake cha utangulizi wa hesabu za vitu visivyo na mwisho. Kabla yake sini ilikuwa urefu, na urefu huo ulitegemea ukubwa wa duara ulilochora. Euler akaifanya fankisheni, yaani kanuni inayopokea namba na kurudisha namba. Ukishaiona hivyo, hakuna sababu ya kuilisha pembe tu. Ilishe saa, umbali, hata namba hasi, nayo itajibu. Euler aliilisha hata namba zenye kipeuo cha pili cha hasi moja, zile ziitwazo namba changamano, akagundua kwamba sini na fankisheni ya ukuaji, ile inayohesabu riba juu ya riba, ni ndugu wa damu. Huko sini huweza hata kuwa 2, jambo ambalo mwalimu wa kidato cha tatu angelikata kwa kalamu nyekundu.

Ugunduzi huo ungeweza kuonekana kuwa ni mchezo wa wataalamu tu. Lakini mwaka 1893, mjini Chicago, Charles Steinmetz alionyesha mafundi wa umeme kwamba wakitumia namba hizo changamano, hesabu za mkondo unaogeukageuka, zilizokuwa zikijaza kurasa, zinakuwa aljebra ya kawaida. Umeme tunaoutumia majumbani Afrika Mashariki hupanda na kushuka kwa umbo la sini mara 50 kila sekunde, na mhandisi anayeukokotoa bado anatumia njia ya Steinmetz.

Lakini ugomvi mkubwa kuhusu sini ulianzia kwenye uzi wa ala ya muziki. Mwaka 1747 d'Alembert aliandika mlinganyo wa uzi unaotikisika, na miaka michache baadaye, 1753, Daniel Bernoulli akadai kwamba mtikisiko wowote wa uzi ni jumla ya sini nyingi, kama sikio linavyosikia sauti kuu na sauti nyembamba juu yake kwa pamoja. Euler alikataa. D'Alembert alikataa. Ukiuvuta uzi kwa kidole unapata kona kali, na sini haina kona.

Aliyelifufua dai hilo hakuwa mtu wa muziki. Joseph Fourier alikuwa mkuu wa mkoa wa Isère, kule Grenoble, akisimamia barabara na ukaushaji wa mabwawa, na wakati wa faragha akichunguza joto linavyosafiri ndani ya chuma. Desemba 1807 alipeleka Paris andiko lililosema kwamba hali yoyote ya joto mwanzoni mwa jaribio, hata yenye kona na mikato, inaweza kuandikwa kwa sini na kosini. Lagrange, mmoja wa waliolipima, alilipinga. Mwaka 1812 Fourier akapewa tuzo, lakini pamoja na lawama kwamba hoja zake hazijakamilika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1822. Kwa maoni yangu wote wawili walikuwa na haki. Lagrange aliona shimo ambalo kweli lilikuwepo, na Fourier aliona kwamba namba zake zinalingana na kipimajoto.

Shimo hilo lilizaa kuliko jibu. Dirichlet, akitafuta ni lini mifululizo ya Fourier inakubalika, alilazimika mwaka 1837 kueleza upya fankisheni ni nini: uhusiano wowote unaoipa kila namba mwenzake, uwe na fomula au usiwe nayo. Georg Cantor naye alianza na swali dogo kuhusu mifululizo hiyohiyo, na kufikia mwaka 1872 swali lilikuwa limemsukuma kwenye nadharia ya seti, ambayo karibu hisabati yote ya leo imejengwa juu yake. Fizikia ilikuja kuazima, ikaondoka imelipa zaidi ya deni.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya baharini. Mvuvi wa Pemba au Lamu anajua bila jedwali kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji yatakuwa bamvua, na ukifika nusu yatakuwa maji mafu. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, aliyaandika hayo kwa sini. Mwezi huleta wimbi moja kila saa 12 na dakika 25, jua jingine kila saa 12 kamili. Mawimbi hayo hukutana vileleni kila baada ya siku 14 na robo tatu hivi, nalo hilo ndilo bamvua. Katikati yake hupingana, na ndiyo maji mafu. Ongeza mawimbi mengine madogo yanayotokana na mwezi kukaribia na kutanga kaskazini na kusini, nawe unaweza kutabiri maji ya bandari yoyote mwaka mzima. Thomson aliunda mashine ya gurudumu na kapi ya kufanya jumla hiyo, ikikamilika mnamo 1873, na mwaka 1879 Edward Roberts akasimamia nyingine kwa ajili ya bandari za India. Mashine za namna hiyo, chini ya Arthur Doodson karibu na Liverpool, ndizo zilizokokotoa maji ya fukwe za Normandie kwa ajili ya Juni 1944, pale majeshi yalipohitaji kushuka maji yakiwa madogo ili vizuizi vya Wajerumani vionekane.

Sini haikupokewa vizuri kila ilikopelekwa, na ni haki isemwe. Katika miaka ya 1870 William Stanley Jevons, mchumi mwenye akili nyingi, aliihusisha misukosuko ya biashara na madoa ya jua, kwa kuwa yote mawili yalionekana kurudi kila baada ya miaka kumi hivi. Wengi walimfuata wakitafuta mawimbi katika bei za nafaka na hisa. Mwaka 1927 Eugen Slutsky akachukua namba za bahati nasibu ya serikali huko Moscow, akazijumlisha kwa zamu, zikatoka na milima na mabonde yanayofanana kabisa na ya uchumi. Aliyekuwa ameona wimbi hakuwa amethibitisha kitu. Bahari ina mwezi unaoivuta. Soko la ngano halina.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kilichobaki ni kasi. Mwaka 1965 James Cooley na John Tukey walichapisha njia ya haraka ya kukigawa kipimo chochote katika mawimbi yake. Haja mojawapo ilikuwa kutofautisha tetemeko la ardhi na bomu la nyuklia la Wasovieti. Ikaja kufahamika baadaye kwamba Gauss alikuwa na njia hiyohiyo mnamo 1805, akikokotoa mizunguko ya sayari ndogo, na kwamba ilichapishwa kwa Kilatini baada ya kifo chake.

Mwaka 1972 Nasir Ahmed, mhandisi kutoka India aliyefundisha Kansas, aliomba fedha za serikali ya Marekani achunguze kama kosini, yaani sini iliyosogezwa robo mzunguko, ingeweza kubana picha. Wapimaji waliona wazo ni jepesi mno, wakamnyima. Alifanya kazi hiyo hivyo hivyo na wenzake wawili, ikachapishwa Januari 1974, na mwaka 1992 ikawa moyo wa JPEG, kanuni ya kubana picha. Picha hukatwa vipande vya nukta 8 kwa 8, kila kipande kikaandikwa kwa kosini 64, na zile ambazo jicho halizitambui zikapunguzwa au kutupwa. Ukiikuza picha ya harusi iliyopita simu nyingi, vile vipande vya mraba utaviona wazi.