Safari ya Familia Ziwa Victoria: Maandalizi kwa Wazazi Wenye Vijana Wakubwa

Familia inayotamani kupumzika majini aghalabu hufikiria meli kubwa za kitalii zinazotia nanga Mombasa, kisha ikaahirisha mpango wake kwa sababu ya gharama. Hata hivyo, kaunti za Homa Bay na Migori zimepakana na Ziwa Victoria, lenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 68,800. Safari ya siku nne au tano huko inawezekana, mradi ipangwe kwa makini.

Ifahamike mapema kwamba hakuna meli moja itakayoichukua familia kutoka bandari hadi bandari na kuilaza humo. Zamani meli za abiria za shirika la reli la Afrika Mashariki zilizunguka ziwa zima. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, vyombo hivyo viligawanywa. MV Victoria ikawa ya Tanzania na MV Uhuru ikabaki Kenya. Siku hizi safari huunganishwa vipande vipande: feri kati ya Luanda Kotieno na Mbita, boti za abiria zinazokwenda visiwani, na gari pale penye barabara.

Mume na mke hawana budi kuafikiana kuhusu fedha kabla ya kuwaita watoto. Boti ya kukodi ndiyo humeza pesa nyingi, kwani mafuta hulipiwa kwa mwendo wa kwenda na kurudi. Baada ya hapo, vijana washirikishwe kikamilifu. Kijana wa miaka 17 aliyepangiwa kila saa atashinda akikodolea simu macho. Akikabidhiwa kuchagua kisiwa au kupiga hesabu ya nauli, atakuwa na sababu ya kuamka mapema. Na kwa kuwa huenda mwaka ujao akawa chuoni, nafasi ya kusafiri wote pamoja isichukuliwe kwamba itakuwapo daima.

Kisiwa cha Rusinga, kilichounganishwa na Mbita kwa daraja, ndicho mwanzo mwafaka. Hapo ndipo alipozikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi Julai 5, 1969 akiwa na umri wa miaka 38. Kijana anayesubiri kujiunga na chuo kikuu atavutiwa na habari za mpango wa kuwapeleka wanafunzi Marekani, ambao Mboya aliuongoza na uliosafirisha kundi la wanafunzi 81 mwaka wa 1959. Katika kisiwa hicho hicho, mwaka wa 1948, Mary Leakey aligundua fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya sokwe aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Usiku, taa za wavuvi wa omena humetameta ziwani kana kwamba kuna mji huko.

Kutoka Mbita, boti huelekea Mfangano, kisiwa cha Abasuba. Michoro ya kale ya miambani, ya rangi nyekundu na nyeupe, inayohusishwa na Watwa, huwahitaji wageni kupanda mlima. Viatu madhubuti ni vya lazima.

Suala la usalama halitaki mzaha. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza Mei 21, 1996, na mamia ya watu wakaangamia. MV Nyerere nayo ilipinduka Septemba 20, 2018 karibu na kisiwa cha Ukara, ikiwa karibu kufika gatini, na zaidi ya watu 220 wakafa. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimejaza kupita kiasi. Kwa hivyo mzazi ahesabu jaketi za kuokolea kabla ya kulipa, kila mtu avae yake hata kama anajua kuogelea, na boti iliyojaa iachwe iende zake. Vijana wakubwa ndio huona haya kuvaa jaketi hizo. Baba na mama watangulie kuvaa. Upepo wa alasiri huchafua ziwa, basi ni heri kuvuka asubuhi baada ya kuwauliza wenyeji kuhusu hali ya hewa.

Dawa za kinga dhidi ya malaria ziulizwe kwa daktari kabla ya kuondoka. Kuogelea ufuoni kunavutia, lakini kichocho kimo katika maji ya ziwa hili.

Siku ya nchi kavu yafaa itumiwe Thimlich Ohinga, kaunti ya Migori, kiasi cha kilomita 46 kutoka mji wa Migori. Kuta zake za mawe yaliyopangwa bila saruji zinakisiwa kujengwa karne ya 16, na UNESCO iliziorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka wa 2018. Kisiwa cha Migingo, ambacho Kenya na Uganda zimekizozania tangu miaka ya 2000, si mahali pa matembezi ya familia.

Siku moja ya akiba iachwe kwenye ratiba, kwani ziwa likichafuka huenda familia ikalazimika kulala Mfangano usiku mmoja zaidi.