Panchakarma: tiba ya India ya kusafisha tumbo, na sayansi inasema nini

Panchakarma ni neno la Kisanskriti lenye maana ya "vitendo vitano". Ni jina la matibabu ya kusafisha mwili katika Ayurveda, elimu ya tiba ya India ambayo vitabu vyake vikongwe, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, vina umri wa yapata miaka 2,000. Siku hizi jina hilo linasikika mbali na kwao, hasa kwenye matangazo ya dawa za "kutoa sumu mwilini" zinazouzwa madukani na kupitia simu. Hapa tunaeleza tiba yenyewe inavyofanywa India, kisha tunaangalia wataalamu wa utumbo wanajua nini. Tunaanza na India kwa makusudi, kwani kilichomo kwenye pakiti na kinachofanyika kule ni vitu viwili tofauti.

Moto wa tumboni

Mganga wa Ayurveda huitwa vaidya. Kwa mafundisho yake, chakula husagwa na moto wa tumboni uitwao agni. Moto ukiwaka vizuri, chakula hugeuka damu, nyama na nguvu. Ukififia, hubaki masalia mabichi yanayonata, nayo huitwa ama (si lile "ama" letu la kuchagua), na inasemekana huziba njia za mwili na kuzaa maradhi. Zaidi ya hapo zipo nguvu tatu zinazotakiwa kulingana: vata, pitta na kapha. Kila moja ina makao yake. Kapha hukaa sehemu za juu, kifuani na tumboni, pitta hukaa katikati ya mwili, na vata kwenye utumbo mpana.

Kutokana na mafundisho hayo, njia za kusafisha nazo ni mbalimbali. Kapha hutolewa kwa kumtapisha mgonjwa, pitta kwa dawa ya kuendesha, na vata kwa enema, yaani dawa inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa. Kutia dawa puani na kutoa damu, wakati mwingine kwa kutumia ruba, hukamilisha vitendo vitano. Charaka hahesabu kutoa damu. Yeye hupata tano kwa kuigawa enema mara mbili, ya mafuta na ya dawa za kuchemsha.

Samli kwanza

Mtu hafiki leo akaendeshwa leo. Anayekubaliwa kutibiwa huanza kwa kunywa samli, mara nyingi iliyochemshwa na mitishamba, asubuhi tumbo likiwa tupu. Kipimo huongezwa kila siku, kwa muda wa siku 3 hadi 7. Vaidya hutazama choo na ngozi, na akiona mafuta yameenea, samli husimamishwa. Hufuata kukandwa kwa mafuta, ya ufuta mara nyingi, na kutolewa jasho kwa mvuke. Maelezo yao ni kwamba uchafu uliosambaa mwilini hulainika na kurudi tumboni, ambako ni rahisi kuutoa.

Ndipo inapokuja dawa ya kuendesha. Mzizi wa mmea uitwao trivrit hutumika sana, na mafuta ya nyonyo pia. Vitabu vinahesabu hata safari za chooni: 10 ni usafishaji mdogo, 20 wa kati, 30 mkubwa. Safari 30 si mchezo, na waandishi wa kale walilijua hilo. Wameandika kwa urefu juu ya madhara ya kuzidisha, na wametaja watu wasiopaswa kuendeshwa, wakiwemo wajawazito, watoto, wazee na waliodhoofika.

Enema inaheshimiwa kuliko vitendo vingine, kiasi kwamba mapokeo yao huiita nusu ya tiba yote. Jina lake ni basti, maana yake kibofu, kwa sababu zamani dawa ilitiwa kwenye kibofu cha mnyama kilichofungwa kwenye mrija. Ile ya dawa za kuchemsha huchanganywa kwa utaratibu maalumu: asali, chumvi ya mawe, mafuta, mitishamba iliyosagwa, halafu maji ya dawa.

Sehemu ambayo matangazo hayaitaji kabisa ni inayofuata baada ya kuendesha. Mgonjwa haruhusiwi kurudi kwenye chakula chake cha kawaida. Huanza na uji mwepesi wa mchele, kisha mzito, kisha supu ya choroko, kisha supu ya nyama kwa anayekula nyama, na hatua hizo huchukua siku 3 hadi 7 kulingana na alivyoendeshwa. Charaka analinganisha na moto mdogo unaolishwa nyasi na kinyesi kikavu cha ng'ombe mpaka uweze kubeba kuni kubwa. Yeyote aliyewahi kuwasha mafiga asubuhi ya mvua anamwelewa.

Jimbo la Kerala, kusini mwa India, ndilo linalojulikana zaidi kwa tiba hii. Hospitali ya Arya Vaidya Sala ya mji wa Kottakkal ilianzishwa mwaka 1902 na bado inafanya kazi. Mwezi wa mvua uitwao Karkidakam, kati ya Julai na Agosti, huhesabiwa kuwa wakati mzuri wa kutibiwa, na hata majumbani watu hunywa uji wa mchele uliopikwa na mitishamba. Vaidya wa leo husoma chuoni miaka mitano na nusu, na tangu 2014 India ina wizara nzima inayosimamia tiba za jadi. Kwa hiyo tunazungumzia kazi yenye shule, vipimo na uangalizi.

Utumbo hauna kutu

Sasa tuje kwenye sayansi ya utumbo. Wazo kwamba uchafu wa miaka hugandamana kwenye kuta za utumbo kama masizi kwenye sufuria halina ushahidi. Madaktari wanaoingiza kamera kuchunguza utumbo hawayaoni masizi hayo. Ngozi ya ndani ya utumbo hujivua na kujiotesha upya kila baada ya siku chache, na kazi ya kuondoa sumu kwenye damu hufanywa na ini na figo, mchana na usiku. Ute unaoonekana chooni baada ya mtu kuendeshwa ni ule ambao utumbo hutengeneza kila siku kujilainisha, ingawa muuzaji atakuonyesha kuwa ndiyo sumu yenyewe.

Kilichomo tumboni kwa wingi ni bakteria. Mtu mzima anakadiriwa kubeba trilioni 38, wengi wao kwenye utumbo mpana. Hao si wavamizi. Wanachachua makapi ya nafaka, maharage na mboga ambayo sisi hatuwezi kuyasaga, na kutoka humo hutengeneza asidi zinazolisha seli za utumbo wenyewe. Dawa ya kuendesha haichagui bakteria mbaya ikawaacha wazuri, inafagia wote. Watafiti waliofuatilia watu walioendeshwa kabla ya kipimo cha kamera waliona bakteria wakipungua sana, kisha kwa wengi wakarudi karibu kama walivyokuwa ndani ya wiki mbili hivi. Kinachobadilisha jamii hiyo kwa kudumu ni chakula cha kila siku.

Panchakarma yenyewe imechunguzwa kidogo. Utafiti uliochapishwa 2016 nchini Marekani ulilinganisha watu 65 waliopitia mpango wa siku 6 na wengine 54 ambao hawakuupitia, na mafuta fulani ya kwenye damu yalibadilika kwa wale wa kwanza. Lakini watu hao pia walikula mboga na nafaka, wakafanya yoga na kutafakari, na makundi hayakugawanywa kwa kura. Huwezi kujua ni kipi kilichofanya kazi. Maoni yetu ni kwamba sehemu ya tiba hii inayokubaliana zaidi na wataalamu wa utumbo ni ile ya uji na choroko, na ndiyo hiyo isiyouzwa kwenye pakiti.

Hatari za kujiendesha mwenyewe

Sanamaki, haluli na mafuta ya nyonyo vinajulikana Afrika Mashariki siku nyingi, na vingi vya vifurushi vya kutoa sumu hubeba dawa za aina hiyo hiyo chini ya jina jipya. Kuharisha kwa nguvu hutoa maji na chumvi za mwili, ikiwemo potasiamu ambayo moyo unaihitaji ili kupiga sawasawa. Mjamzito asiguse mafuta ya nyonyo, maana yanaweza kuamsha uchungu. Mbegu za nyonyo zina sumu kali na hazitafunwi. Mtoto haendeshwi kabisa.

Baadhi ya dawa za Ayurveda huchanganywa na madini kwa makusudi. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 193 zilizonunuliwa kwenye intaneti, na karibu moja ya tano zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki.

Tumbo linalouma sana huku mtu anatapika, limejaa, na hatoi choo wala upepo, lisipewe dawa ya kuendesha hata kidogo. Huenda utumbo umeziba au kidole tumbo kimevimba, na hapo dawa hiyo inaweza kuupasua. Mpeleke hospitali. Damu chooni, kukonda bila sababu, au choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa pia ni mambo ya kupimwa, kwa kuwa saratani ya utumbo huanza hivyo hivyo.

Na kama mtu ameshakunywa dawa akaharisha kupita kiasi, mpe maji ya chumvichumvi ya dukani au ya zahanati. Yakikosekana, koroga vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya bapa, kwenye lita 1 ya maji safi, anywe kidogo kidogo. Akianza kuzimia, akiacha kukojoa au moyo ukienda ovyo, msisubiri kukuche.