Kiraka Kilichokuja kwa Matatu

Leo naweka msimbo kando, naandika historia. Ni historia ya kitu ambacho wengi wetu hukijibu "nikumbushe baadaye": masasisho ya Windows. Nitaisimulia kutoka Kisii, kwa sababu ukiisoma kwenye kurasa za Wamarekani utadhani kila mtu duniani alikuwa na laini ya kasi nyumbani kwake.

Tuanze na tarehe. Tarehe 16 Julai 2003 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu lililokuwa katika Windows 2000 na XP. Tarehe 11 Agosti, yaani siku 26 baadaye, mnyoo wa Blaster ukatokea na kupita kwenye tundu hilo hilo. Haukungoja ufungue barua pepe wala ubonyeze chochote. Kompyuta ikishaunganishwa tu na intaneti, mnyoo umeingia, kisha kinatokea kidirisha kinachohesabu sekunde 60 na mashine inajizima. Ndani ya msimbo wake aliyeuandika alimwachia Bill Gates ujumbe, kwamba aache kutafuta pesa arekebishe programu zake. (Jeuri kweli kweli, maana kiraka kilikuwa kimeshatoka!) Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Sasser: kiraka 13 Aprili 2004, mnyoo 30 Aprili. Siku 17.

Kwa hiyo dawa ilitangulia ugonjwa. Mbona basi watu waliugua?

Hebu tupige hesabu. Agosti 2004 ilitoka Service Pack 2 ya Windows XP, furushi kubwa la viraka pamoja na ngome iliyowashwa tayari. Faili nzima ilikuwa kama MB 266. Chukua modemu ya simu ya kbps 56. Haikufika kasi hiyo hata siku moja, lakini tuseme ilifika. Utapakua kwa saa kumi na nusu mfululizo, bila laini kukatika, bila stima kupotea, bila radi. Anayeijua milima ya Gusii anajua mvua ya alasiri na radi zake. Mawingu yakianza tu kujikusanya, mwenye akili alichomoa waya wa simu.

Saibani hali haikuwa tofauti sana. Kenya nzima ilifika ng'ambo kupitia setilaiti. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo laini moja nyembamba iligawanywa kwa mashine zote za chumba, na mteja alilipa kwa dakika. Kila kilobaiti iliyovutwa na Windows ilikuwa imenyang'anywa mteja anayesubiri Yahoo ifunguke. Mwenye saiba aliyezima masasisho hakuwa mjinga. Alikuwa anafanya biashara.

Ndiyo maana SP2 ya kwanza niliyoishika ilikuja kwa matatu. Rafiki yangu wa Nairobi aliichoma kwenye CD, akaifunga kwa gazeti, akampa dereva. Mimi nikaingoja steji kama mtu anayengoja mgeni. CD ile ilizunguka mjini hadi ikajaa mikwaruzo. Baadaye kukawa na AutoPatcher, programu iliyokusanya viraka vya miezi mingi mahali pamoja ili uvisakinishe bila intaneti. Agosti 2007 Microsoft ikawataka wenyewe waache kuvisambaza. Sababu zao walikuwa nazo, lakini kwa sisi wa mbali ilikuwa kama kufungiwa mfereji.

Tena kulikuwa na hofu. Tusidanganyane, Windows nyingi zilizopita mikononi mwetu zilikuwa nakala bandia. Mwaka 2005 Microsoft ilianza kuwakagua wanaopakua vitu kutoka kwao, na mwaka 2008 nakala bandia za XP zikaanza kugeuka skrini nyeusi kila saa. Habari ikaenea kuliko mnyoo wowote: "Usiguse update, itakushika!" Jambo ambalo halikuenea ni kwamba viraka vya usalama viliendelea kutolewa hata kwa nakala bandia, mradi tu masasisho ya kujiendesha yamewashwa. Watu walifunga mlango wa dawa kwa kuogopa askari ambaye hakuwa amesimama pale.

Hapo ndipo Conficker ulipotukuta. Kiraka chake kilitoka 23 Oktoba 2008, mnyoo ukaonekana Novemba, na kufikia mwisho wa Desemba kulikuwa na aina mpya iliyosafiri kwa flashi. Huu sasa haukuhitaji laini ya kasi, ulihitaji mfuko wa shati. Ukichomeka flashi, Windows inakuuliza ufanye nini, na mstari wa juu una picha ya folda ukikuambia ufungue uone faili. Mstari huo ndio mnyoo. Ukishaingia unazima masasisho na kuzuia tovuti za antivirus zisifunguke.

Mwalimu mmoja wa upande wa Nyamira alikuwa akituletea mitihani ya kuchapisha. Siku hiyo akasema, "Kijana, hebu niangalizie hii flashi, na ile kompyuta ya shule pia haitulii." Nilikwenda. Nikaiona mashine, nikajiona daktari, nikaifomati. Sikuuliza kama kuna kitu ndani. Kulikuwa na alama za kidato cha pili za muhula mzima. Conficker haukuzifuta, nilizifuta mimi. Tena nikasakinisha XP ile ile ya zamani isiyo na kiraka hata kimoja, na baada ya wiki mnyoo ukarudi kwa flashi ile ile. Mwalimu hakupiga kelele. Alisema tu, "Sasa kijana, hata kuniuliza?" Kisha akaketi na karatasi zake za mitihani, akaanza kuingiza alama upya.

Baada ya 2009 intaneti ikawa nafuu polepole, na kisingizio cha umbali kikapungua nguvu. Lakini tarehe 12 Mei 2017 ulipokuja WannaCry, uliofunga faili za watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai dola 300, kiraka kilikuwa na umri wa siku 59. Wengi walidhani walioumia ni wa XP, ambayo iliachwa rasmi 8 Aprili 2014. Sivyo. Wengi walikuwa wa Windows 7, mfumo uliokuwa bado unapata viraka kila mwezi.

Windows 10 nayo ilifika mwisho 14 Oktoba 2025, ingawa Microsoft ilitoa nafasi ya kujiandikisha kupata viraka vya usalama hadi Oktoba 2026. Muda mfupi baadaye nilikuwa Keroka, pale mpakani mwa Kisii na Nyamira, kwa mama mmoja mwenye duka la kuchapisha. Ana mashine nne, zote kuukuu, hakuna hata moja inayokubali Windows 11. Mbili tumeziwekea Linux na mbili tumezijiandikisha. Nilipouliza kwa nini masasisho yalikuwa yamezimwa, alinijibu bila kusita: "Fundi aliniambia yatanishika."

Safari hii, kabla ya kugusa kitu, nilimwuliza faili zake ziko wapi.