Kutoka Mtaa wa 116: Miaka 80 ya Maabara za IBM

Mwanzoni mwa mwaka 1945, vita vya dunia vikiwa bado havijaisha, kampuni ya IBM na Chuo Kikuu cha Columbia cha New York walitangaza kuanzisha maabara ya hesabu za kisayansi. Makao yake yakawa nyumba namba 612, mtaa wa 116 Magharibi, iliyokuwa zamani makazi ya wanafunzi. Mkuu wake wa kwanza, Wallace Eckert, alikuwa mwanafalaki. Mashine zilizoundwa kwa ajili ya mahesabu ya maofisini yeye alizitumia kukokotoa mwendo wa mwezi. Nyumba hiyo ndiyo chimbuko la taasisi inayoitwa leo IBM Research, iliyotimiza miaka 80 mwaka 2025.

Mtu angetarajia kampuni inayouza mashine imbane kila mtafiti wake kwa swali la faida. Kubanwa kulikuwepo, bila shaka, lakini heshima ya maabara hizi imetokana zaidi na maswali ambayo hakuna mteja aliyeyauliza. Maabara yake ya Zurich, iliyoanzishwa mwaka 1956, ilitoa washindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia miaka miwili mfululizo: 1986 kwa hadubini inayoonyesha atomu mojamoja, na 1987 kwa ugunduzi wa vitu vya kauri vinavyopitisha umeme bila ukinzani katika joto ambalo wengi hawakulitegemea. Hayo ni makubwa, na yameandikwa sana. Mimi napenda kukaa kwenye mkondo mwingine, uliopita kimyakimya kwa miaka mingi kabla dunia haijaugundua.

Mwaka 1961 maabara kuu ilihamia Yorktown Heights, kaskazini ya jiji la New York, katika jengo refu la mawe na vioo lililopinda kama upinde, kazi ya msanifu Eero Saarinen. Mwaka huohuo Rolf Landauer, aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler akiwa mtoto, alichapisha jibu la swali ambalo wengi wasingeliona kuwa swali: kufuta taarifa kunagharimu nini? Alionyesha kwamba kila taarifa inayofutwa lazima iache joto, hata likiwa dogo kupindukia. Maana yake, taarifa haielei hewani. Imo ndani ya vitu, na inatii sheria za fizikia kama jiwe linavyozitii.

Mtafiti Charles Bennett alijiunga naye mwaka 1972 na kulibeba wazo hilo mbele. Mwaka 1979, wakati wa mkutano wa wanasayansi huko San Juan, Puerto Rico, kijana wa Kikanada aitwaye Gilles Brassard alikuwa akiogelea baharini. Mtu asiyemjua akamsogelea majini na kuanza kumweleza jinsi ya kutengeneza noti za fedha zisizoweza kughushiwa, kwa kutumia sheria za kwanta, yaani fizikia ya chembe ndogo kabisa. Mtu huyo alikuwa Bennett. Mazungumzo hayo ya baharini yaliwafikisha, mwaka 1984, kwenye njia ya kugawana ufunguo wa siri kwa chembe za nuru. Siri ya njia hiyo ni rahisi kueleza: chembe ya nuru ikipimwa na mdukuzi, hubadilika. Akisikiliza, ameacha alama, na wenye ujumbe wanajua.

Hata hivyo wazo la kwenye karatasi si kitu cha kushika mkononi. Mwaka 1989 Bennett na wenzake wakaunda chombo chenyewe pale Yorktown Heights, ndani ya boksi lisilopenyeza mwanga, na nuru ikasafiri kama sentimita 30 tu kutoka upande wa mtumaji hadi wa mpokeaji. Vifaa vya umeme vilivyogeuza nuru vilitoa sauti tofauti kulingana na alama iliyotumwa, kiasi kwamba mdukuzi mwenye masikio mazuri angeipata siri yote bila kugusa chembe hata moja. Brassard mwenyewe amelisimulia hilo mara nyingi. Dosari hiyo haikuuangusha ukweli uliothibitishwa siku hizo: kwanta ilikuwa imetoka ubaoni na kuingia kwenye chombo halisi.

Huku nyuma, mwaka 1981, IBM na chuo cha MIT walikuwa wameandaa mkutano juu ya fizikia ya ukokotoaji, ambako mwanafizikia Richard Feynman alitoa hoja kwamba maumbile ni ya kwanta, hivyo anayetaka kuyaiga vizuri na atengeneze mashine ya kwanta. Ilichukua miaka 35 hadi mashine kama hiyo ikafika mikononi mwa umma. Tarehe 4 Mei 2016 maabara iliunganisha mashine ya kyubiti 5, yaani vijenzi vitano vya taarifa ya kwanta, kwenye intaneti na kumruhusu mtu yeyote aitumie. Mashine za aina hiyo huning'inia ndani ya jokofu mithili ya thurea ya msikitini, sahani za rangi ya dhahabu zikipangana kwenda chini, na kule chini kabisa baridi yake inaipita ya anga za mbali. Mwaka 2021 zikafika kyubiti 127, mwaka 2023 kyubiti 1,121. Wingi huo usitupumbaze, kwa maana kyubiti hukosea mno. Kampuni imeahidi mashine inayojisahihisha makosa ifikapo 2029, na ahadi itapimwa mwaka huo.

Upande wa akili mnemba, historia ilianza kwa drafti, mchezo uleule wa vijiweni kwetu. Katika miaka ya 1950 Arthur Samuel, mhandisi wa IBM, aliandika programu iliyojifunza drafti kwa kucheza na nafsi yake. Tarehe 11 Mei 1997 kompyuta ya IBM, Deep Blue, ikamshinda bingwa Garry Kasparov katika sataranji. Mwaka 2011 ikaja Watson, iliyowashinda mabingwa wa chemshabongo ya televisheni ya Jeopardy!, ingawa ilipoulizwa swali kuhusu mji wa Marekani ilijibu Toronto, mji wa Kanada. Jina hilohilo lilipopelekwa kwenye tiba, matangazo yalitangulia matokeo, na mwaka 2022 kitengo cha tiba kikauzwa. Historia inayoacha hilo si kamili.

Lakini lenye uzito zaidi kwetu, nionavyo, ni kazi ya Frederick Jelinek, aliyeanza mwaka 1972 kuifundisha mashine kutambua usemi. Badala ya kuipa kanuni za sarufi, aliipa maandishi mengi ihesabu neno gani hufuata jingine. Mifumo mikubwa ya lugha ya leo ni wajukuu wa wazo hilo. Ndiyo sababu lugha yenye maandishi machache kwenye kompyuta hubaki na njaa, na Kiswahili, kwa wasemaji wake wote hawa, bado hakijashiba.

Novemba 2013 taasisi ilifungua maabara yake ya kwanza Afrika, Nairobi, katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Miongoni mwa kazi za mwanzo ilikuwa Twende Twende, mfumo uliosoma picha hafifu za kamera chache za barabarani ili kumjulisha dereva foleni iko wapi. Johannesburg ikafuata mwaka 2016. Baadaye mashine mojawapo ya kwanta, yenye kyubiti 7, ikapewa jina la Nairobi.

Jina ni heshima, lakini matumizi ndiyo tunayoyahitaji. Mlango wa intaneti uliofunguliwa mwaka 2016 haujafungwa: mwanafunzi wa Dodoma, Eldoret au Bujumbura mwenye intaneti anaweza kujiandikisha na kupata dakika chache za bure kila mwezi kwenye mashine halisi. Mwalimu wa fizikia unayesoma haya, waonyeshe vijana wako muhula huu.