Kuonyeshwa Njia kwa Fedha

Hapa Ufipa, kazi ya kumwonyesha kijana njia ya shule zamani haikuwa na bei. Mapadre Weupe walioshika Karema mwaka 1885 walipanda kutoka ziwani mpaka uwanda huu wa juu, na Kate ikawa mojawapo ya misheni zao. Mtoto mwenye akili alionwa na katekista au mwalimu, akatajwa kwa padre, naye padre akaamua: huyu seminari, yule ualimu, waliobaki jembe. Hakuna mzazi aliyedaiwa senti kwa ushauri huo. Hata hivyo sisemi ulikuwa wa bure. Padre alitafuta mapadre na walimu. Aliyetamani kitu kingine alijitafutia mwenyewe, na mabinti walitajwa mara chache.

Chuo kikuu kilikuwa mbali zaidi. Mpaka mwaka 1961 Tanganyika haikuwa nacho. Waliobahatika walikwenda Makerere. Oktoba mwaka huo chuo kilifunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kwa darasa moja la sheria lisilofika watu 20. Aliyefika huko alikwisha kuchujwa mara nyingi mno hata asihitaji mshauri.

Azimio la Musoma, Novemba 1974, liligeuza mambo. Mhitimu wa kidato cha sita alitakiwa kwanza afanye kazi, na akiomba chuo awe na mapendekezo ya mwajiri na ya Chama. Wanawake wakapungua sana, ikabidi baadaye waruhusiwe kwenda moja kwa moja. Nalo neno la katibu likapata thamani. Lango lolote likiwekewa mtu wa kusimama mbele yake, mtu huyo hupata bei: fedha, kuku, au heshima tu.

Bei ya fedha taslimu imekuja juzi. Vyuo viliongezeka tangu miaka ya 1990, Bodi ya Mikopo ikaanza kazi mwaka 2005, na mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu ikaanza kupokea maombi yote kwa kompyuta. Mwaka 2017 maombi yakarudishwa kwa vyuo vyenyewe, kila kimoja na tovuti yake. Kijana wa Kate asiye na kompyuta akaelekea duka la stesheneri, na karibu na duka akamkuta wakala.

Mpwa wangu alimkuta mmoja. "Mjomba," aliniambia, "anasema kwa laki tatu nafasi ni ya uhakika." Mama yake alikwisha kuuza maharage na kulipa nusu.

Basi tujiulize, ndugu msomaji, laki tatu hizo zilinunua nini. Kuchapa na kutuma fomu ni kazi ya kweli, inayostahili elfu chache. Kujua tahasusi ipi inafungua kozi ipi ni maarifa ya kweli pia, ingawa Tume huyaandika yote katika mwongozo wake usiouzwa. Huo uhakika ndio uliobeba bei yote, na ndio ambao wakala hakuwa nao. Chuo kwetu hutazama alama za mtihani: ufaulu wa masomo mawili makuu, kisha pointi. Hakuna kalamu ya wakala inayoongeza pointi.

Marekani ni tofauti kidogo. Huko vyuo vingi husoma pia insha za mwombaji na barua za walimu wake, hivyo mshauri anayelipwa ana pa kushika. Hata huko mambo huharibika: William Singer, aliyeshitakiwa mwaka 2019, alipokea takriban dola milioni 25 kwa kuhonga makocha na kuchakachua mitihani, na wazazi waliolipa walikuwa matajiri wenye kila njia halali mkononi.

Wetu hakuhonga mtu. Alituma maombi vyuo vitatu, lakini akaandika namba yake mwenyewe ya simu. Vyuo viwili vikamchagua binti. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja hutumiwa namba ya siri ili athibitishe anakokwenda, na namba hiyo ikaingia katika simu ya wakala. Zikiwa zimebaki siku tatu dirisha lifungwe, alidai nusu iliyobaki ndipo aitoe. Magunia mengine mawili yakatoka ghalani, ya chakula sasa, si ya kuuza.

Mimi nasema ule ulikuwa utekaji. Binti aliingia chuoni kwa alama zake, alizozipata kwa kibatari na madaftari ya kuazima. Dada yangu hakubali. "Kaka," husema, "mtoto yuko chuoni. Ningemtuma nani mwingine? Gunia hulimwa tena." Na kweli, shuleni kwao hapakuwa na mwalimu wa kuwakalisha vijana hata alasiri moja na mwongozo ule.

Mdogo wake anamaliza kidato cha sita mwakani. Dada amekwisha kumnunulia laini yake ya simu.